Kutoka Njia ya Kuswagia hadi Lori: Mifugo ya Simiyu Safarini

Mkoa wa Simiyu, ambao sehemu yake kubwa ilimegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012 na makao makuu yake kuwekwa Bariadi, ni nchi ya Usukuma iliyolisha miji ya mbali kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku wake. Historia ya safari za wanyama hao hudhaniwa kuwa ni historia ya kuongezeka kwa kasi tu, lakini ndani yake kuna jambo zito zaidi: kila chombo kipya kilipofupisha safari, kilimwondolea mnyama uwezo wa kujihifadhi mwenyewe, na wajibu wa kumhifadhi ukamwangukia binadamu anayemsafirisha.

Kabla ya reli na magari, ng'ombe walikwenda mnadani kwa kuswagwa, yaani kutembezwa makundi kwa makundi na vijana waliozijua vyema njia zenye maji na malisho. Mwendo ulikuwa wa mnyama, kwa sababu aliyechoka alisimama, na mswagaji hakuwa na budi kumngoja, kumnywesha na kumwacha alale acheue. Hatari hazikukosekana, kwani maradhi ya sotoka, yaliyofagia mifugo ya Afrika Mashariki katika muongo wa 1890, yaliacha maeneo mengi bila mifugo ya kuyalisha, vichaka vikaota na mbung'o, nzi waenezao ugonjwa wa nagana, wakaenea. Kwa kuwa mbung'o huuma zaidi mchana, waswagaji wenye uzoefu walivuka mapori ya namna hiyo usiku, na busara hiyo ya kuipanga safari kwa kufuata saa za usalama wa mnyama ni miongoni mwa mafundisho ya kale ya kazi hiyo.

Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na kituo cha Malampaka, katika Wilaya ya Maswa, kikaiunganisha nchi hii na Dar es Salaam kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000. Behewa lilimwondolea ng'ombe uchovu wa miguu, lakini halikuwa na kisima wala malisho, na kwa kuwa njia ilikuwa moja, garimoshi lililolazimika kupisha jingine lilisubiri kituoni huku jua likilichoma behewa. Tatizo hilo lilikuwa limeshajulikana kwingineko, kwani Marekani ilitunga sheria mwaka 1873 iliyozitaka kampuni za reli kuwashusha wanyama baada ya saa 28, wale, wanywe na kupumzika kabla ya kuendelea.

Lori ndilo lililoyabadilisha mambo kwa kina zaidi, hasa baada ya barabara ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi na Lamadi kuanza kuwekwa lami kwa vipande, kiasi kwamba ng'ombe aliyenunuliwa mnadani anaweza kupakiwa jioni na kuelekea mnada wa Pugu, Dar es Salaam, bila kukanyaga ardhi njiani. Ndani ya lori ng'ombe hujitahidi kusimama sambamba na mwelekeo wa gari au kwa kuukingama, akitanua miguu ili asiyumbe, na dereva anapofunga breki ghafla, sakafu isiyo na mchanga wala nyasi humtelezesha. Akianguka katikati ya wenzake hukanyagwa, na mara nyingi utingo humwinua kwa kumchoma fimbo au kumsokota mkia, ilhali kilichohitajika ni nafasi. Hasara humfikia hata mfanyabiashara, kwa kuwa mnyama hupungua uzito, nyama iliyochubuka hukatwa ikatupwa, na yule aliyechinjwa akiwa ameishiwa nguvu hutoa nyama nyeusi na kavu isiyodumu.

Sheria ziliufuata wajibu huo wa kumhifadhi mnyama polepole. Uingereza ilipiga marufuku ukatili dhidi ya ng'ombe, farasi na kondoo mwaka 1822, na katika karne ya 20 wataalamu wake wakaeleza ustawi wa wanyama kuwa ni kuepushwa na njaa na kiu, adha ya mazingira, maumivu na maradhi, hofu na dhiki, pamoja na kuachiwa tabia za asili. Tanzania ilitunga Sheria ya Magonjwa ya Wanyama mwaka 2003, inayosimamia uhamishaji wa mifugo ili maradhi yasisambae, kisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, inayogusa ufugaji, usafirishaji na uchinjaji.

Wajibu huo hauishii kwa ng'ombe. Tenga, kapu la fito linalobebea kuku, lilisukwa likiwa na matundu ili hewa ipite, lakini matenga yanapopangwa moja juu ya jingine katika buti la basi, matundu huzibwa na kuku wa chini hukosa pumzi. Vivyo hivyo mbwa au paka anayefungiwa ndani ya gari lililoegeshwa juani hushindwa kuupoza mwili wake. Kwa hiyo inafaa barabara inayotoka Bariadi iwe na vituo vya kushushia, kunyweshea na kupumzishia mifugo, kama barabara kuu zilivyo na mizani ya kupimia malori, kwa maana anayemfungia mnyama asiweze kutafuta maji na kivuli mwenyewe amekubali kumtafutia.