Daftari la Ubatizo na Shamba la Bibi

Sisi watu wa Mgeta tukiulizwa asili yetu tuna majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli. La kwanza limo katika daftari la ubatizo. La pili liko mteremkoni, kwenye shamba ambalo halikuandikwa popote.

Tuanze na shamba, maana ndilo lililotangulia. Jina Waluguru maana yake ni watu wa milimani, lakini wazee wetu hawakuota hapa kama uyoga. Walipanda kutoka nchi za chini, kundi baada ya kundi, wakakata msitu na kufungua ardhi. Waliolifungua bonde wakawa wenyewe wa bonde, na ukoo wao, yaani lukolo, ulihesabiwa kwa mama. Mwanamume alilima shamba alilopewa na mjomba wake, na alipofariki shamba lilirudi kwa watoto wa dada zake. Aliyetaka kulima ardhi ya ukoo mwingine aliomba kwa mkuu wa ukoo huo na kumpelekea kitu kidogo, ili ijulikane kwamba ardhi ina mwenyewe. Nabothi aliyekataa kumwachia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu angeeleweka vizuri sana hapa kwetu, ila angesema ni urithi wa mama zake.

Kisha likaja daftari. Mababa wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaingia bara hadi Mhonda mwaka 1877, wakafungua misioni Morogoro katika miaka ya 1880 na Matombo mwaka 1897, na baadaye wakavuka kuja upande wetu huu wa magharibi wa milima. Kila waliyembatiza walimwandika: jina, baba, mama, msimamizi, tarehe, padre. Kazi hiyo tunaishukuru. Wengi wetu hatuna karatasi nyingine yoyote inayowataja babu zetu.

Lakini daftari liliandikwa kwa desturi ya Ulaya, na mtu alifuata jina la baba yake. Mama aliandikwa pia, ila mara nyingi kwa jina la ubatizo tu, Maria au Agnesi, bila ukoo wake. Anayetafuta mizizi ya familia yake leo anawakuta akina Maria watano katika ukurasa mmoja na hajui yupi ni wake. Kile ambacho kwa wazee kilikuwa kiini cha mtu, kwenye daftari hakikupewa hata safu. Hatuwalaumu mapadre, waliandika walichozoea kuuliza. Hata Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu alifuata akina baba, na bado Tamari, Rahabu, Rutu na mke wa Uria wakapenya kati ya mistari.

Katika miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, ikalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Matombo walikataa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Kwetu Mgeta ngazi zilidumu zaidi kwa sababu tulikuwa na maji ya mifereji na mboga za kuuza: kabichi, karoti, njegere, viazi. Tukumbuke lakini kwamba ngazi ni kazi ya miaka. Aliyeichimba katika ardhi ya ukoo wa mkewe, je, wanawe hawana neno? Na wapwa wa ukoo, wanyamaze? Swali hilo halikuzikwa na mpango ule.

Sasa limerudi kwa sura ya karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na hati inataka jina. Kijana aliyekulia Dar es Salaam anapanda kuja kuzika, anaonyeshwa mteremko, anaambiwa "hapa ni kwenu," naye hawezi kutaja ukoo wa bibi yake. Mjane aliyelima ngazi za marehemu mumewe miaka thelathini anawatazama wapwa wa mume wakija na futi. Sisi tunaona wote wawili wana haki ya kusikilizwa, na pasipo kumbukumbu ya akina mama hakuna atakayewasikiliza kwa haki.

Bibi wanaokumbuka bado wapo, Nyandira, Langali, Bunduki. Ukikaa nao wakiambua njegere, wanakutajia: mama, mama wa mama, mama wa huyo, na bonde alilofungua kaka yake. Jumuiya zetu hukutana kila wiki, na katika kila moja yuko anayejua kuandika. Daftari la shule la kurasa mia linatosha.