Frilansa: mteja mpya akija, haya yamalizwe kabla ya kugusa kazi

Ujumbe huwa mfupi: “Habari, nimeona kazi zako Instagram. Nembo bei gani?” Frilansa wengi, hasa wanaoanza, hujibu kwa namba palepale. Laki mbili. Mteja anasema sawa na kazi inaanza usiku huohuo. Wiki tatu baadaye nembo imerekebishwa mara kumi na moja, mteja anasoma meseji na kukausha, na ile laki mbili bado iko kwenye maneno.

Lawama zote huenda kwa mteja. Wakati mwingine anastahili, maana wapo wanaoingia mitini makusudi. Ila kazi nyingi za namna hii huharibika siku ya kwanza, pale ambapo hakuna aliyesema kazi yenyewe ni ipi, nani ataikubali na pesa itatoka lini. Kumpokea mteja mpya vizuri huchukua siku moja au mbili tu.

Maswali kwanza, bei baadaye

Jibu la kwanza kwa “bei gani?” ni maswali. Kazi itatumika wapi? Nembo ya kuwekwa Instagram peke yake si sawa na ile itakayochapishwa kwenye fulana, bango la barabarani na ubavuni mwa gari. Ya pili inahitaji faili lisilopoteza ubora likikuzwa, na muda zaidi. Inatakiwa lini? Duka linalozinduliwa Jumamosi lina tarehe ya kweli, lakini “haraka haraka” nyingine hazina tarehe yoyote nyuma yake.

Kuna swali jingine ambalo huulizwa kwa nadra: je, kuna mtu mwingine aliwahi kuifanya kazi hii? Mteja aliyeachana na wabunifu watatu ndani ya mwezi mmoja huenda alikuwa na bahati mbaya. Au huenda hajui anachotaka, na wa nne atalijua hilo kwa gharama yake.

Bajeti ni ngumu zaidi. Wateja wengi wa Bongo hawaitaji, wanaona ukishaijua utaimaliza yote. Badala ya kuvutana, frilansa anaweza kutuma bei mbili kwa kazi mbili tofauti, ndogo na kubwa, na kila moja ikaeleza inachobeba. Mteja atakayochagua ndiyo bajeti yake.

Nani mwenye neno la mwisho?

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Meneja masoko amekubali kila kitu, bosi anarudi safari na kusema hapendi bluu. Mpiga video wa harusi au mtengeneza kadi ana hali mbaya zaidi, kwa sababu mteja wake ni kamati: watu kumi na tano kwenye grupu la WhatsApp, kila mmoja na rangi yake, na mama wa bwana harusi ambaye hayumo kwenye grupu lakini neno lake ndilo zito.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, jina moja litajwe. Huyo ndiye atakayepokea kazi, atakusanya maoni ya wenzake na kuyaleta yote kwa pamoja. Wengine waongee naye, si na frilansa. Si utovu wa adabu kuliomba hili. Kampuni zenye utaratibu hupenda kulisikia.

Idadi ya marekebisho nayo itajwe hapohapo. Mawili ndani ya bei ni kiasi cha kawaida, la tatu linalipiwa. Na ielezwe marekebisho ni nini: kubadili rangi au ukubwa wa maandishi ni marekebisho, kubadili jina la biashara ni kazi mpya. Mteja hubisha kidogo siku ya kwanza, lakini ni nafuu kuliko kubishana baada ya wiki tatu.

Yaandikwe, hata kwa WhatsApp

Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Shida ni kuyathibitisha. Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo hata meseji ina uzito.

Baada ya simu, ujumbe mmoja unatosha kwa kazi ndogo: “Kama tulivyoongea leo, natengeneza nembo moja, marekebisho mawili, naikabidhi tarehe 20. Bei 600,000, nusu kabla ya kuanza. Ukijibu sawa tutaendelea.” Voisi noti za dakika nne haziwezi kufanya kazi hii. Hakuna anayezirudia.

Kishika uchumba

Nusu kabla ya kuanza inafaa kwa kazi ndogo. Kazi ya miezi inagawanywa mara tatu au nne, kila malipo yakifuata hatua fulani. Malipo ya awali yana faida nyingine isiyosemwa sana: mteja aliyekwisha kutoa pesa hujibu meseji haraka.

Kampuni kubwa nyingi hazitoi kitu mwanzoni. Hizo zidaiwe LPO kabla ya kuanza, na frilansa aulize moja kwa moja: mhasibu hulipa siku ngapi baada ya ankara? Siku 30 zinapangika, “tutakujulisha” ni kupigwa kalenda. Mara nyingi kampuni itataka TIN, ambayo TRA huitoa bila ada, kwa hiyo iwe tayari.

Kampuni au mfanyabiashara anayemlipa frilansa mkazi wa Tanzania kwa huduma hutakiwa pia kukata asilimia 5 kama kodi ya zuio. Kazi ya 600,000 inaingia benki ikiwa 570,000, na wengi hudhani wameibiwa. Hiyo 30,000 haijapotea, hupunguzwa kwenye kodi ya mwaka ya frilansa mradi awe na cheti cha zuio kutoka kwa aliyemlipa. Cheti kiombwe siku ya malipo. Baada ya miezi sita mhasibu mwenyewe anaweza kuwa amehama.

Mteja akigoma yote, haandiki, hatoi kianzio, hamtaji wa kuamua, bado si lazima kumfukuza. Apewe kipande kidogo kinacholipwa mwanzo hadi mwisho, posta moja badala ya kampeni nzima, na kikubwa kisubiri hadi hicho kilipwe.