KIZURI CHAJIUZA, LAKINI KWA JINA LA NANI?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu tumeukuta, tukaupokea, na tunautumia kila siku bila kuuhoji. Fundi cherehani asiye na kibao mlangoni anajifariji nao. Mama wa maandazi aliyejificha uchochoroni anajifariji nao. Na sisi tunaoandika hadithi ambazo hakuna anayezichapa, tuseme ukweli, tunajifariji nao kuliko wote. Lakini watu wa sokoni nao wana msemo wao, mfupi na usioogopa wazee: biashara matangazo. Misemo hii miwili haiwezi kulala chumba kimoja. Mmoja lazima utakuwa unatudanganya.

Ndugu msomaji, ili tusibishane hewani, hebu tuchukue kisa kimoja cha kweli tukipime. Ni kisa cha kampuni ya simu iitwayo HTC. Kama hujapata kuisikia, basi nusu ya habari umeshaielewa.

HTC ilianzishwa Taiwan mwaka 1997. Herufi zake ni kifupi cha High Tech Computer. Miongoni mwa waanzilishi alikuwemo mwanamke mmoja, Cher Wang, binti wa Wang Yung-ching, tajiri aliyejenga mali yake kwenye plastiki. Neno hilo plastiki liweke akilini, tutalihitaji mbele.

Miaka ya mwanzo HTC haikuuza simu kwa jina lake. Ilikuwa kama fundi anayeshona nguo nyuma ya duka, halafu mwenye duka anabandika lebo yake. Kompyuta ndogo ya mkononi iitwayo iPAQ, iliyotoka mwaka 2000, ilibeba jina la Compaq, lakini mikono iliyoitengeneza ni ya HTC. Simu ya SPV ya mwaka 2002 iliuzwa kwa jina la mtandao wa Orange. XDA ya mwaka huohuo ikauzwa kwa jina la mtandao wa O2. Treo 650 ya mwaka 2004 ikasifiwa dunia nzima, sifa zikaenda kwa Palm. HTC wakachukua malipo yao wakarudi kazini. Na malipo si haba, maana kazi ya kandarasi haina gharama ya mabango wala ya wasanii. Wewe tengeneza, mwenzako atapiga kelele.

Mwaka 2006 ndipo jamaa walipoamua kuuza simu kwa jina lao wenyewe. Lakini mazoea yana taabu. Mtu aliyeishi miaka tisa jikoni hawezi kutoka siku moja akajua kukaa sebuleni na wageni. Mwaka 2009 HTC walitafuta kaulimbiu ya kujitangaza, na kati ya maneno yote ya duniani wakachagua mawili: Quietly Brilliant. Kwa Kiswahili tungesema hodari wa kimyakimya. Kumbe ni msemo wetu uleule wa kizuri chajiuza, umevalishwa suti.

Na kweli walikuwa hodari, hilo tusiwanyime. Simu ya kwanza kabisa duniani kuuzwa ikiwa na programu ya Android ilitengenezwa na HTC. Ilitoka Marekani Oktoba 2008. Iliitwa nani? Iliitwa T-Mobile G1, jina la mtandao. Januari 2010 Google ilipotaka kuonyesha dunia simu ya Android inapaswa kuwaje, iliwaita HTC, wakatengeneza Nexus One. Hiyo nayo ikaitwa simu ya Google. Leo hii simu za Android zimejaa mifukoni kuanzia Mombasa hadi Bukavu, lakini mwulize kijana yeyote ni nani aliyeunda ya kwanza. Atakutajia Samsung, au Google. Jina la fundi halimo.

Pamoja na hayo yote, kwa muda mfupi msemo wa wahenga ulionekana kushinda. Aprili 2011 thamani ya HTC kwenye soko la hisa ilifika kama dola bilioni 33, ikaipita Nokia. Nokia, bwana! Ile iliyokuwa ikitawala dunia nzima. Hisa moja ya HTC iligusa dola 1,300 za Taiwan. Katika robo ya tatu ya mwaka huo, kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya Canalys, HTC iliongoza kwa simu janja Marekani ikiwa na asilimia 24 ya soko, mbele ya Samsung na mbele ya Apple. Kizuri kimejiuza, au siyo?

Ngoja kwanza.

Tazama simu hizo zilivyouzwa. Marekani wakati ule simu nyingi zilinunuliwa kwenye maduka ya mitandao, na kila mtandao ulitaka simu yake peke yake. HTC, kwa tabia ile ya kandarasi, ikamkubalia kila mmoja. Mteja wa Sprint aliijua EVO. Mteja wa Verizon aliijua Droid Incredible. Mteja wa T-Mobile aliijua myTouch. Zote baba yao mmoja, lakini watoto wamepewa majina ya mama wa kambo. Mteja akipenda simu yake akarudi baada ya miaka miwili kutaka nyingine, anaulizia nini? Anaulizia jina asilolijua.

Samsung nayo ilianza na kosa hilohilo. Galaxy S yake ya kwanza ya mwaka 2010 ilikuwa na majina tofauti kwenye mitandao ya Marekani. Lakini wao walijifunza upesi. Mwaka 2012 ilipotoka Galaxy S III, mitandao yote mikubwa iliiuza kwa jina hilohilo moja. Tangazo moja likawa linafanya kazi kwenye maduka yote.

Na matangazo yenyewe sasa! Tangu mwishoni mwa 2011 Samsung ilikuwa ikirusha kwenye televisheni matangazo ya kuwacheka watu waliopanga foleni kungojea simu ya Apple. Watu wakacheka, na wakicheka wanakumbuka. Kwa hesabu za kampuni ya Kantar Media, mwaka 2012 Samsung ilitumia dola milioni 401 kutangaza simu Marekani peke yake. Apple ilitumia milioni 333. HTC ilitumia kama milioni 46. Hapo ni sawa na mmoja kushika kipaza sauti cha uwanja wa mpira na mwingine kukunong'oneza sikioni.

Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimekudanganya, msomaji. Ni rahisi kusema mkubwa alishinda kwa kelele tu, na sisi wanyonge tunapenda habari za namna hiyo. Ukweli ni kwamba Samsung ilikuwa na ghala pia. Vioo ilitengeneza yenyewe, na chipu za kumbukumbu ilitengeneza yenyewe. HTC ilikuwa fundi hodari anayenunua kila kitambaa dukani, na duka lenyewe wakati mwingine lilikuwa la mshindani wake. Mwaka 2010 simu yake nzuri iitwayo Desire ilikuwa na kioo cha AMOLED kutoka Samsung. Vioo hivyo vikaadimika mwaka uleule ambao Samsung ilikuwa ikitoa Galaxy S yenye vioo vya ukoo huohuo, na HTC ikalazimika kuhamia vioo vya Sony safari ikiwa katikati. Sisemi kuna hila. Nasema tu kwamba ukinunua kuni kwa jirani anayepika chakula kilekile, siku kuni zikipungua, wewe ndiye utakayelala na sufuria mbichi.

Kisha kulikuwa na mahakama. Machi 2010 Apple iliishtaki HTC kwa madai ya kuvunja hataza zake. Kesi ikaburuzwa, na Mei 2012 simu mpya za HTC zikazuiwa forodhani Marekani zikikaguliwa, wakati wateja wanangoja dukani. Usuluhishi ulikuja Novemba 2012. Mkubwa akishtakiwa analipa mawakili na biashara inaendelea. Mdogo akishtakiwa msimu mzima unampita.

Sasa tufike kwenye simu yenyewe. Tarehe 19 Februari 2013 HTC ilitambulisha simu iliyoiita HTC One. Bodi ya alumini badala ya plastiki. Spika mbili zinazotazama uso wa mtumiaji, wakati simu nyingi zilikuwa na spika moja mgongoni. Kioo chake kilikuwa angavu kweli. Waandishi wa mambo ya simu waliisifia kwa maneno ambayo mtu huyatunza kwa ajili ya harusi. Ilikuwa na dosari zake, mathalani kamera yenye pikseli chache ambayo si wote walioipenda, lakini kwa mkono na kwa jicho ilikuwa kazi ya fundi aliyekomaa.

Ikachelewa. Bodi ile ya chuma ilikuwa ngumu kutengeneza kwa wingi, na vipuri vya kamera vikapungua. Wiki zikayoyoma. Tarehe 14 Machi Samsung ikakodi ukumbi wa Radio City mjini New York, ikaonyesha Galaxy S4 kwa maigizo na muziki. HTC One ilifika madukani Marekani katikati ya Aprili. S4 ikaingia mwishoni mwa mwezi huohuo. Verizon, mtandao mkubwa kuliko yote kule, haukuipata HTC One mpaka Agosti. Galaxy S4, simu ya plastiki, iliuza milioni kumi katika muda usiofika mwezi. Nilikwambia neno plastiki tutalihitaji: binti wa mfalme wa plastiki alitoka na simu ya chuma, akapigwa na plastiki.

Ndipo HTC wakakumbuka kupiga kelele. Agosti 2013 walimchukua mwigizaji Robert Downey Jr., kwa mkataba ulioripotiwa kuwa wa dola milioni 12. Na tangazo lenyewe lilisema nini? Lilifanya mzaha wa kukisia eti HTC ni kifupi cha maneno gani. Ndugu yangu, ukifikia hatua ya kulipa mamilioni kuwauliza watu jina lako ni nani, maana yake hawalijui. Na msimu wa simu ile ulikuwa umekwishapita.

Robo ile ya Julai hadi Septemba 2013 HTC ilitangaza hasara ya kwanza tangu iingie kwenye soko la hisa. Februari 2014, kule Barcelona, HTC One ikapewa tuzo ya simu janja bora. Soma tena mpangilio huo: hasara kwanza, tuzo baadaye. Mwezi uliofuata, kwenye sherehe za Oscar, mtangazaji Ellen DeGeneres akapiga selfi na nyota wa sinema kwa simu ya Samsung, ambayo ilikuwa mdhamini, na picha ile ikasambazwa mara zaidi ya milioni mbili. Agosti 2015 thamani ya HTC nzima kwenye soko la hisa ilishuka chini ya fedha taslimu zilizokuwa kwenye akaunti yake. Yaani soko lilisema viwanda, mafundi na jina, ukivijumlisha, ni sifuri.

Lakini tazama kilichotokea kwa ule uzuri wenyewe. Haukufa. Mwaka 2015 Samsung ikaacha plastiki, ikatoa Galaxy S6 ya chuma na kioo. Mwaka 2016 Google ilitoa simu iitwayo Pixel, ikasifiwa sana, na iliyoitengeneza ni HTC, bila jina lake kuonekana. Mwaka 2017 Google ikakubali kulipa dola bilioni 1.1 kuwachukua wahandisi wapatao 2,000 wa HTC, mkataba ukakamilika Januari 2018. Fundi akarudi nyuma ya duka alikoanzia.

Kwa hiyo wahenga hawakudanganya, ila waliacha kipande. Kizuri chajiuza kweli, lakini hakikuahidi kumwuzia aliyekitengeneza. Kama fundi hakukiwekea jina lake na kulitangaza mapema, kitajiuza kwa jina la mwingine. Na watu wa sokoni nao waliacha kipande: matangazo bila mzigo dukani ni kumwita mgeni nyumbani kabla chakula hakijaiva.

Nimeandika habari ya simu, lakini nilikuwa nafikiria miswada. Wapo kati yetu wanaoandika vizuri kuliko majina makubwa tunayoyasoma, nao wanaona aibu kutaja kazi zao mbele za watu. Wanaita aibu hiyo unyenyekevu. Wengine wanawaandikia wenzao hotuba, maigizo na mashairi ya harusi, wanachukua elfu mbili tatu, na jina linakwenda kwa aliyelipa. Miaka tisa ya namna hiyo inamharibu mtu, hata awe hodari vipi. Toleo hili likitoka, kila mmoja wetu achukue nakala kumi akaziuze kwa mkono, stendi, vyuoni, msibani ikibidi, na akiulizwa nani ameandika, asiinamishe uso. Ajibu: ni mimi.