Upataji nafuu

Ukiwa Unguja au Dar es Salaam ukauliza ilipo soba hausi, utaelekezwa. Kwa lugha ya ofisini nyumba hizo ni nyumba za upataji nafuu: aliyeacha unga (heroini), pombe au kilevi kingine huishi humo miezi kadhaa na wenzake, akijifunza kuishi bila kulewa. Upataji nafuu ni mchakato mzima wa mraibu kuachana na kilevi na kuyajenga upya maisha yake.

Kwa nini nafuu, si kupona? Aliyepona ameagana na ugonjwa. Aliyepata nafuu ameinuka kitandani, anakula, ametoka barazani kuota jua, lakini bado anaangaliwa. Uraibu ni maradhi sugu, na hali hii ya pili ndiyo ya mraibu. Umbo la upataji nalo, kama utunzaji, laonyesha tendo linaloendelea.

Istilahi hii pia haifanani na kuacha. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea, pamoja na maumivu yake, kutapika na kukosa usingizi, kwa kawaida huisha ndani ya siku 4 hadi 10. (Mnywaji mkubwa wa kila siku asiache pombe ghafla peke yake, anaweza kupata degedege na kuweweseka hadi kufa. Aanzie hospitali.) Mwili ukishatulia, kazi ndiyo kwanza inaanza: kulala bila kilevi, kukasirika bila kilevi, kupokea mshahara bila kupitia kijiweni.

Ndani ya soba hausi, baada ya vitanda kutandikwa na uwanja kufagiliwa, watu huketi kwa duara. Kila mmoja hutaja jina lake, hukiri kuwa ni mraibu, kisha hueleza ameamkaje. Hata mwenye miaka mingi bila kutumia hasemi kwamba amepona. Desturi hii imetoka kwenye vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, na Narcotics Anonymous, vilivyoanza California mwaka 1953. Ahadi yao si ya maisha yote; ni ya leo tu, na kesho wataiweka tena.

Je, anayetumia methadoni naye yumo kwenye nafuu? Yumo. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikiwapa dawa hiyo waraibu wa heroini. Kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, huzuia arosto na kupunguza hamu. Wapo wanaodai kwamba mtu huyo amebadilisha kilevi tu. Lakini akinywa dozi yake asubuhi, akaenda kazini na jioni akawa na wanawe, hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

Neno nafuu lina faida kubwa zaidi mtu anaporudia kutumia. Kama ulitangaza kwamba amepona, utamwita mwongo na kumfungia mlango. Ukijua kwamba yuko kwenye nafuu, utamrudisha kwenye tiba, tena haraka. Aliyekaa wiki kadhaa bila heroini mwili wake umeshaacha kuizoea. Kipimo alichokimudu zamani sasa kinaweza kumuua.

Nafuu hujulikana kwa mambo madogo. Mama anampa mwanawe noti ya elfu kumi akanunue mchele. Kijana anarudi na mchele na chenji kamili, anamkabidhi. Nyumba iliyokwisha kuibiwa hadi sufuria inajua uzito wa chenji ile.

Basi jirani akikuuliza, "Kijana wako kapona?", usione haya kumjibu, "Anaendelea kupata nafuu." Umesema kweli, na kijana hukumtwika sifa ambayo kesho itamshinda. Naye ukikutana naye, usimhoji kama kweli ameacha. Muulize ameamkaje leo, kisha umpe nafasi ajibu.