Mtoto na Imani katika Vita vya Kolwezi

Tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa FNLC, yaani kundi lililobeba masalia ya askari wa Katanga waliokimbilia Angola, waliuteka mji wa Kolwezi nchini Zaire (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), na hadi askari wa miamvuli wa Ufaransa waliposhuka tarehe 19, familia za wachimbaji wa kampuni ya madini ya Gécamines zilijifungia majumbani. Humo, bila shule wala posho ya unga iliyotolewa na kampuni, watoto walibaki na wazazi na sala, na sala za Kolwezi zilikuwa na mizizi ya hapo hapo: katika miaka ya 1950 padri Mbelgiji Placide Tempels alianzisha Jamaa, harakati ya Kikatoliki iliyofanya upendo wa mume na mke kuwa msingi wa Ukristo, wanachama wakiitana baba na mama. Vitabu vimewakumbuka zaidi Wazungu waliookolewa. Watoto Wakongomani waliozika ndugu zao waandikiwe historia yao wangali hai.