Macho Sita

Yamkini wewe, msomaji, wadhani kwamba kazi iliyokaguliwa na watu watatu haiharibiki. Basi sikia yaliyoipata Citibank ya Marekani tarehe 11 Agosti, 2020. Kompyuta yake haikutoa fedha nyingi mpaka mmoja aandike, wa pili akague, wa tatu aidhinishe. Desturi hiyo iliitwa macho sita. Siku ile ililipwa riba ya deni la kampuni ya Revlon, yapata dola milioni 8. Ili deni lenyewe lisilipwe, ilipasa kujaza visanduku vitatu. Kikajazwa kimoja tu. Wote watatu walidhani chatosha! Karibu dola milioni 900 zikawaendea wakopeshaji. Kosa likagunduliwa kesho yake. Baadhi yao walikataa kuzirudisha, hata Septemba 2022 mahakama ya rufani ilipoipa benki haki.