Chumvi, Njaa na Damu: Historia ya Shinikizo la Damu kutoka Pwani ya Kilwa hadi Likawage

Likawage ni kata ya wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi, iliyo mbali na bahari, katika misitu ya miombo inayoelekea Liwale, ambako Wangindo wamelima na kuwinda kwa vizazi vingi. Miji ya mwambao wa wilaya hiyo imeandikiwa mengi kwa sababu ya magofu yake na biashara ya bahari, ilhali vijiji vya ndani hutajwa vitabuni pale tu vita au njaa vinapozungumziwa. Lipo hata hivyo jambo linalowaunganisha watu wa pwani na wa bara, nalo ni shinikizo la damu, yaani nguvu ambayo damu hukandamiza nayo kuta za mishipa inaposukumwa na moyo. Madaktari wengi huliita la juu likifika milimita 140 za zebaki moyo unapojikaza, au 90 moyo unapolegea. Siku hizi watafiti hutafuta pia viashiria vya damu, ambavyo ni vitu vinavyoweza kupimwa katika damu au mkojo na kudokeza nani atapatwa na presha kabla haijapanda. Viashiria hivyo huathiriwa na mlo, njaa na mahamisho yaliyompata mtu au wazazi wake, na kwa sababu hiyo havisomeki vizuri pasipo historia ya mahali alipoishi.

Historia hiyo yafaa ianzie kwenye chumvi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, watengenezaji wa zamani walikwangua udongo wa munyu kwenye tambarare zilizo nyuma ya mikoko, ambazo hufikiwa na maji wakati wa bamvua tu, wakauchuja kwa maji, kisha wakayachemsha maji hayo vyunguni mpaka yakakauka. Baadaye yalienea mashamba ya chumvi yanayoonekana hadi leo Kilwa na Lindi, ambako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa yenye kina kifupi, yakahamishwa kutoka bwawa moja hadi jingine kadiri jua linavyoyakoleza, hadi chembe nyeupe zinapotanda chini zikakwanguliwa na kurundikwa. Sehemu nyingi za bara zilikuwa na njia yake: majani au matete yalichomwa, majivu yakatiwa katika chungu kilichotobolewa chini, yakamwagiwa maji, na maji yaliyodondoka yakachemshwa. Chumvi ya bahari karibu yote ni sodiamu iliyoungana na klorini, lakini ile ya majivu huwa na potasiamu nyingi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa afya, kwa kuwa sodiamu ikizidi mwilini huvuta maji na kupandisha shinikizo, na potasiamu huzisaidia figo kuitoa sodiamu.

Misafara ya Wayao iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipeleka pembe za ndovu, tumbaku, ngozi na majembe ya chuma, na katika karne ya 19 ilipeleka pia watumwa kwa wingi, ikarudi na nguo, shanga na chumvi. Bidhaa iliyobebwa kichwani kwa majuma kadhaa haikuweza kuwa rahisi, na ni haki kukisia kwamba mabibi wa bara waliitia chumvi ya pwani mchuzini kwa mkono mwepesi. Mwili wa mwanadamu una utaratibu wa kuishi katika hali hiyo. Mwaka 1898, huko Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman walionyesha kwamba figo za sungura zina kitu kinachopandisha shinikizo, wakakiita renini. Ilikuja kufahamika kwamba chumvi ikipungua, figo humwaga renini katika damu, nayo huanzisha mfululizo wa matukio unaobana mishipa na kuamsha aldosteroni, homoni iliyotengwa mwaka 1953 na Sylvia Simpson na James Tait pamoja na wenzao, ambayo huziamuru figo kuizuia chumvi isipotee. Utaratibu huo uliowafaa watu wakati chumvi ilikuwa adimu unaweza kuwadhuru chumvi inapojaa madukani.

Kipimo cha presha chenyewe si cha kale. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa Italia na Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaeleza namna ya kusikiliza sauti za mshipa chini ya mkanda huo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini nchini Kenya, alichapisha vipimo vya takriban watu 1,000, akasema kwamba shinikizo lao halikupanda kadiri ya umri kama lilivyopanda Ulaya, bali baada ya miaka 40 lilielekea kushuka. Baadhi ya wasomaji wake walidhani kwamba damu ya Mwafrika ina kinga ya kuzaliwa nayo. Dhana hiyo ilivunjwa na utafiti uliofanywa papa hapa Afrika Mashariki. A. G. Shaper alionyesha kwamba vijana wa Kisamburu walioingia jeshini na kula posho ya kambi walipandwa na shinikizo, na mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi, ambao baada ya muda mfupi tu shinikizo lao liliwapita wenzao waliobaki nyumbani, huku uwiano wa sodiamu kwa potasiamu katika mkojo wao ukiongezeka. Watu walikuwa ni walewale, ila maisha yao yalikuwa yamebadilika.

Katika bara la Kilwa maisha yalibadilika kwa nguvu zaidi. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilianzia Nandete katika vilima vya Umatumbi, vikaenea upesi Ungindo, na boma la Liwale likaanguka mwezi wa Agosti. Wajerumani, waliokuwa wakiitawala nchi, walijibu kwa kuteketeza mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Sayansi ya leo ina la kusema juu ya njaa ya namna hiyo: uchunguzi uliofanywa Enugu, Nigeria, na kuchapishwa mwaka 2010, uligundua kwamba watu waliokuwa tumboni au wachanga wakati wa njaa ya Biafra walikuwa na shinikizo la juu zaidi walipofika umri wa miaka 40 kuliko waliozaliwa baada yake. Katika miaka ya 1940 Wangindo wengi walihamishwa kwa sababu ya malale na kupanuliwa kwa pori la akiba la Selous, na katika miaka ya 1970 vijiji vya ujamaa vikawakusanya watu tena. Malale nayo yameacha alama katika damu ya Waafrika. Aina mbili za jeni iitwayo APOL1, ambazo ni nyingi zaidi Afrika Magharibi kuliko Mashariki, huipa damu uwezo wa kupambana na vimelea vya malale, lakini anayezirithi kwa baba na kwa mama huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuharibika figo, na figo zilizoharibika hupandisha shinikizo.

Utafutaji wa viashiria umefanywa zaidi Marekani, hasa katika mji wa Framingham, ambako wakazi wamefuatiliwa tangu mwaka 1948. Mwaka 2007 watafiti wa huko walichapisha uchunguzi wa viashiria 9, renini na aldosteroni vikiwemo, kwa watu zaidi ya 1,400 wasio na presha. Vitatu ndivyo vilivyoonekana kutabiri vizuri zaidi: protini tendaji ya C (CRP), inayoongezeka mwili unapokuwa na uvimbe wa ndani, kitu kinachozuia damu iliyoganda isiyeyuke, na albumini, protini inayovuja kwenye mkojo figo zinapoanza kuchoka. Wengi wa waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya, na mtu aliyeugua malaria jana anaweza kuwa na CRP nyingi kwa sababu isiyohusiana na mishipa yake. Vipimo hivyo haviwezi kuhamishiwa Likawage bila kupimwa upya.

Haja ya kufanya hivyo ni kubwa, kwa maana uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta na shinikizo la juu karibu robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Kwa zahanati ya kijijini, mkanda wa mkononi na kipimo cha protini katika mkojo ni mwanzo ulio ndani ya uwezo, lakini daftari la vipimo hivyo litakuwa na manufaa zaidi likiandika pia mahali mgonjwa alipozaliwa, alikohamia, kazi aliyofanya na chumvi anayokula. Wazee wanaoweza kueleza walihamishwa kutoka wapi na walikula nini wangali hai, na maelezo yao yanastahili kuhifadhiwa kwa uangalifu uleule unaotolewa kwa chupa ya damu inayopelekwa maabara.